Akili ya Mtoto Mwenye Udhaifu wa Misuli



Katika siku za sikukuu kama hii ni desturi yetu kuhesabu mambo yaliyokwisha kutendeka: shule zilizojengwa, walimu waliofundishwa, vijana waliotoka katika madarasa yetu wakawa watu wa maana. Ni desturi njema. Lakini mwenye kuhesabu mavuno hukumbuka pia kuyaangalia masuke yaliyosahauliwa kondeni. Leo nataka kusema nanyi habari za watoto wachache waliosahauliwa hivyo, nao ni vijana wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli. Sitasema sana juu ya miguu yao, maana udhaifu wa miguu kila mtu auona. Nitasema juu ya akili zao. Jambo hili halionekani kwa macho, na kwa kuwa halionekani, huwaletea watoto hawa taabu shuleni kupita ile ya miguu.

Ziko namna nyingi za ugonjwa huu. Ile ijulikanayo zaidi huitwa ugonjwa wa Duchenne, nayo huwapata wavulana. Wasichana waupatao ni wachache sana. Katika kila wavulana 3,500 hadi 5,000 wazaliwao, mmoja huzaliwa nao. Machoni pa watu mtoto huzaliwa mzima. Kisha huchelewa kutembea. Akitembea huyumba kama bata, huanguka mara kwa mara, hushindwa na ngazi, na mashavu ya miguu yake hunenepa hata watu wakadhani ni nguvu. Akitaka kuinuka kutoka chini hujishika magoti, kisha mapaja, akajikwea mwenyewe kwa mikono yake mpaka asimame. Dalili hiyo aliieleza William Gowers, tabibu wa London, mwaka 1879, na hata leo yaitwa kwa jina lake. Asipopata dawa, kwa kawaida mtoto huacha kutembea kabla ya kutimiza miaka 13. Baadaye mikono, pumzi na moyo hudhoofika pia.

Sasa sikilizeni jinsi habari ya akili ilivyojulikana, ikasahauliwa, ikajulikana tena. Mwaka 1851 tabibu mwingine wa London, Edward Meryon, aliwaeleza matabibu wenzake habari za wavulana wa jamaa moja walioshikwa na ugonjwa huu. Mmoja wao alipokufa mwili wake ulichunguzwa, na Meryon akaona ya kuwa uti wa mgongo na neva ni nzima, bali misuli imeharibika. Miaka kumi baadaye, mwaka 1861, Guillaume Duchenne, mzaliwa wa mji wa Boulogne aliyefanya kazi katika hospitali za Paris, aliandika habari za mtoto wa namna hiyo. Naye, kwa kuwa aliona akili ya mtoto ni nzito, alidhani chanzo cha ugonjwa wote ki katika ubongo. Lakini hakuacha kutafuta. Alitengeneza chombo chembamba kama sindano, cha kutwalia kipande kidogo cha msuli katika mwili wa mtu aliye hai, akavitazama vipande hivyo kwa hadubini. Hata mwaka 1868 akatoa maandiko yenye habari za wagonjwa 13, akasema ya kwamba ugonjwa ni wa misuli yenyewe.

Alisema kweli. Lakini tangu hapo matabibu wengi waliitazama misuli tu, na neno lile alilolisema kwanza juu ya akili likawekwa kando. Wengine walisema, Mtoto huyu hajui kitu kwa sababu miguu yake imemzuia kwenda shule. Wengine walisema, Ana huzuni, na mwenye huzuni hajifunzi. Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini hayatoshi. Maana uko ugonjwa mwingine, ambao huziharibu seli za uti wa mgongo ziongozazo misuli. Watoto wenye ugonjwa ule nao hukaa katika viti vya magurudumu, nao hukosa michezo, nao huhuzunika; na hata hivyo akili zao kwa jumla ni sawa na za watoto wengine. Wataalamu walipowapima watoto wa magonjwa haya mawili pamoja, wale wa Duchenne ndio walioonekana wana shida ya kukumbuka na kusoma. Kama ni udhaifu wa mwili uletao shida hiyo, mbona wale wengine hawana? Hapana budi iko sababu nyingine.

Sababu hiyo ilianza kujulikana mwaka 1986, wataalamu wa Boston katika Marekani, chini ya Louis Kunkel, walipoipata jeni ambayo ikiharibika huleta ugonjwa huu. Mwaka uliofuata waliijua protini itengenezwayo na jeni hiyo, wakaiita distrofini. Katika msuli, distrofini huushikamanisha ukuta wa nje wa seli na nyuzi zilizo ndani, mfano wa kamba iifungayo paa na nguzo. Isipokuwapo, kila mara msuli ukazwapo ukuta huchanika kidogo, na baada ya miaka msuli huwa mafuta na makovu. Lakini distrofini haikai katika misuli tu. Imo katika ubongo pia: katika gamba la juu, katika sehemu zisaidiazo kumbukumbu, na katika ubongo mdogo ulio nyuma ya kichwa. Huko yakaa hasa katika maungio ambapo seli moja huizuia nyingine isipayuke ovyo. Basi, mtoto aliyeikosa katika misuli ameikosa na katika ubongo. Udhaifu wa miguu na uzito wa kukumbuka ni matawi mawili ya shina moja. Meryon aliona kweli, na Duchenne aliona kweli mara zote mbili.

Mtauliza, Mbona basi watoto hawa hawafanani kwa akili? Jeni hii ni mojawapo ya zilizo kubwa kabisa za mwanadamu; ina sehemu 79 za maandishi yake. Ifikirini kuwa ni ukumbi mrefu wenye milango kadha wa kadha, na kila mlango ni mahali pa kuanzia kutengeneza protini. Milango ya mbele hutoa distrofini iliyo ndefu. Milango ya nyuma hutoa iliyo fupi, na mbili za namna hiyo fupi, ziitwazo Dp140 na Dp71, zina kazi katika ubongo. Wote waingiao, kwa mlango wowote, hutokea mwisho mmoja. Basi ukumbi ukibomoka upande wa mbele, waingiao kwa milango ya nyuma hupita salama. Ukibomoka karibu na mwisho, wote huzuiwa. Ndiyo sababu mtoto ambaye jeni yake imeharibika upande wa mwisho huelekea kuwa na shida kubwa zaidi ya akili, na mwenzake, aliye dhaifu wa miguu vilevile, pengine ana akili ya kuwashinda wengi.

Nawaombeni mlishike neno hilo, kwa kuwa hesabu nitakazozitaja zaweza kumpoteza mtu. Akili za watu zipimwapo, kadiri ya watu wote huwekwa kuwa 100. Wavulana wenye ugonjwa wa Duchenne wakipimwa wote pamoja, kadiri yao ni yapata 80 hadi 85. Robo hadi theluthi yao hushuka chini ya 70. Maana yake ni kwamba walio wengi hawako chini ya 70, na wamo walio juu ya 100. Tena, uzito huu hauongezeki. Misuli hudhoofika mwaka kwa mwaka, bali akili haifuatani nayo kushuka; hata imeonekana ya kuwa katika mambo ya maneno baadhi yao huwafikia wenzao kadiri wakuavyo. Basi mtu asimtazame kijana aliyeacha kutembea akasema, Akili yake nayo inakwisha. Si kweli.

Je, shida yao hasa ni nini? Neno la kwanza ni kumbukumbu ya kitambo kidogo, yaani nguvu ya kuyashika maneno kichwani wakati wa kuyafanyia kazi. Mtaalamu Veronica Hinton wa New York na wenzake waliwapima wavulana hawa, wakawalinganisha pia na ndugu zao waliolelewa nyumba moja. Mwaka 2000 walieleza ya kwamba udhaifu huu waonekana hata kwa wale wenye akili nyingi. Mvulana ajua maana za maneno mengi, atambua picha, afikiri vizuri. Lakini akitajiwa tarakimu mfululizo azirudie, au akisomewa hadithi aieleze, mengi yamempotea.

Walimu, fikirini jambo hili darasani. Mwalimu asema, Fungueni kitabu ukurasa wa 20, someni sehemu ya pili, jibuni swali la kwanza na la nne, kisha leteni madaftari. Mvulana afungua kitabu, kisha akaa kimya. Mwalimu aona ukaidi. Auliza kwa ukali. Mvulana aogopa, na hata lile la kwanza lamtoka. Wenzake wacheka. Lakini hakukaidi hata kidogo. Ukimimina pishi ya mtama katika kibaba, mtama utamwagika, wala hatusemi kibaba kina kiburi. Mimina kibaba, ngoja, kisha mimina kingine. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba kikijazwa mara nne pishi imetimia.

Neno la pili ni kusoma na kusema. Wengi wao huchelewa kusema utotoni, na wengine huona taabu kuziunganisha herufi na sauti zake, ijapokuwa macho ni mazima na akili ya kufahamu ipo. Neno la tatu ni makini. Baadhi yao hawawezi kutulia na kazi moja. Mawazo yao huruka kama ndege wa mtamani. Neno la nne ni usonji, yaani hali ya mtu kutofahamu kwa urahisi ishara za wenzake, uso na sauti, na kupenda mambo yaende kwa njia ileile kila siku. Neno la tano ni hofu na mashaka yarudiayo-rudiayo, kama kuhesabu au kupanga vitu bila kikomo. Mwaka 2008 Hendriksen na Vles, wataalamu wa Uholanzi, walitoa hesabu ya wavulana 351 kwa habari walizoziandika wazazi: asilimia 11.7 walikuwa na shida ya makini, asilimia 3.1 usonji, na asilimia 4.8 mashaka ya kurudia. Wengine waliopima baadaye kwa kuwachunguza watoto wenyewe wamepata hesabu zilizo kubwa zaidi. Zote zazidi zile za watoto kwa jumla.

Wala si ugonjwa wa Duchenne peke yake. Uko ule alioueleza Hans Steinert wa Ujerumani mwaka 1909, ambao misuli ikishikamana hukawia kulegea. Ukimpata mtu tangu kuzaliwa au utotoni, mara nyingi huleta uzito wa kujifunza, na usingizi wa mchana ambao mwalimu asiyejua ataudhania uvivu. Uko na ule alioueleza Fukuyama wa Japani mwaka 1960, ambao huugusa ubongo kwa nguvu. Ziko namna nyingine ambazo kwa kawaida haziigusi akili. Basi tusiwatie watoto wote wenye misuli dhaifu katika kapu moja.

Sasa nigeukie yatupasayo kutenda.

Nanyi walimu nawaambia kwanza. Toeni agizo moja kwa wakati mmoja, kwa maneno machache, na mkitaka yawe mengi yaandikeni ubaoni au kwenye kikaratasi awe nacho mezani. Mwulizeni akariri agizo kabla hajaanza. Msomeeni hadithi kwa vipande, na kwa picha kama zipo. Mketisheni mbele, mahali pasipo na kelele, karibu na mlango ili asihangaike kupita. Mkono wake huchoka upesi. Basi mpeni muda zaidi, au mwacheni ajibu kwa kinywa, maana mtihani wa elimu usiwe mtihani wa misuli. Msimpige kwa sababu ya kusahau. Fimbo haimpi mtu distrofini. Lakini pia msimwachilie. Kuna mwalimu amwoneaye mtoto huyu huruma mpaka asimwulize swali tena. Huyo naye amemfungia mlango, ila ameufunga polepole. Mtoto hutaka kuulizwa, na akikosea kurekebishwa kama wenzake.

Tena mjue habari ya dawa. Tangu mwaka 1989, wataalamu wa Marekani walipothibitisha ya kwamba dawa ya prednisoni huongeza nguvu ya wavulana hawa, dawa za jamii ya steroidi zimekuwa zikitumika kuwafanya watembee miaka zaidi. Ni msaada mkubwa. Lakini dawa hizo huweza kumfanya mtoto awe mwepesi wa hasira, akose usingizi, atake kula sana. Mkiona tabia imebadilika ghafula, waambieni wazazi, nao wamwambie daktari. Mtu yeyote asiikatize dawa kwa shauri lake mwenyewe, maana mwili uliozoea steroidi ukiachishwa ghafula waweza kuingia hatarini.

Nanyi wazazi nawaambia hivi. Mvulana asiyetembea kufikia miezi 18, au aliyechelewa kusema na huku huanguka sana, na apelekwe hospitali, na mwombe damu yake ipimwe kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi, ambacho hutoka katika misuli iliyoumia. Katika ugonjwa huu kipimo hicho hupanda mara nyingi sana kupita kawaida. Vimo na vimeng'enya vingine vya misuli ambavyo ni vilevile vya ini. Kwa hiyo yametokea mara nyingi mtoto akatibiwa ini lililo zima, na miaka ikapita. Na jeni ikichunguzwa, ombeni mwelezwe ni sehemu gani iliyoharibika, kwa kuwa hapo daktari aweza kupata dokezo juu ya akili pia. Mwongozo wa utunzaji uliotolewa na wataalamu wa nchi nyingi mwaka 2010, ukatengenezwa upya mwaka 2018, wasema wazi ya kwamba akili na moyo wa mtoto huyu vichunguzwe tangu ugonjwa ujulikanapo, wala visingojewe mpaka ashindwe shuleni.

Sasa nina neno kwa watu wote wa mitaa, nalo ni zito. Mtoto kama huyu azaliwapo, watu hutafuta wa kulaumiwa. Wengine humtaja jirani, wengine husema ni laana ya ukoo, na mara nyingi lawama yote humwangukia mama. Jeni hii imo katika kromosomu ambayo mwana wa kiume huipata kwa mama yake. Hiyo ni kweli. Lakini mama aichukuaye kwa kawaida hajui, wala hakuichagua, kama vile mtu asivyochagua urefu wake. Tena katika wavulana watatu wenye ugonjwa, yapata mmoja hakuirithi kabisa: kosa la jeni limetokea jipya, na mama hakuwa nalo. Basi mume amwachaye mke kwa sababu hii, na mama mkwe amsimangaye mkwewe, humwadhibu mtu asiye na hatia, tena humwondolea mtoto mkono umnyanyuao kila asubuhi. Jambo lifaalo ni hili: mama na dada za mtoto, na ndugu wa kike wa mama yake, wapewe nafasi ya kupimwa na kushauriwa na wajuao, kwa siri na kwa heshima.

Najua lipo swali ambalo watu hulinong'ona, ingawa hawalisemi kwa sauti: Kuna faida gani kumfundisha mtoto ambaye hataishi sana? Zamani vijana wengi wenye ugonjwa huu walikufa kabla ya kutimiza miaka 20. Lakini siku hizi, mahali penye mashine za kusaidia pumzi na dawa za moyo, wengi hufika miaka 30 na kuendelea. Kijana huyo atakuwa mtu mzima, mwenye kusoma, kuhesabu, kuandika barua, kutoa shauri katika jamaa yake. Mikono ikimshinda, akili yake ndiyo itakayokuwa shamba lake. Mkimnyima elimu kwa kuwa alisahau maagizo manne darasani, mmemnyima shamba pekee aliloweza kulilima.

Wala hata yule ambaye miaka yake itakuwa michache, mahali pasipo na mashine wala dawa, tusimpimie elimu kwa urefu wa maisha. Mtoto wa miaka tisa aishi leo. Leo ataka kujua kwa nini mwezi hupungua, leo ataka kuandika jina lake, leo ataka rafiki wa kukaa naye wenzake wachezapo mpira. Hayo yamo katika uwezo wetu, mtaa wowote, hata ulio maskini: kitumbua cha ubao penye ngazi ili kiti kipite, mtoto mwenzake wa kumsomea tena agizo, mwalimu ahesabuye kumi moyoni kabla ya kukasirika.

Basi, walimu, mrudipo katika shule zenu, liangalieni daftari la mahudhurio. Tafuteni jina la mvulana aliyeacha kuja bila habari, ambaye wenzake walimwita mlegevu na mkaidi. Nendeni nyumbani kwao mkamwulize mama yake alianza kutembea lini, alianza kusema lini, na kama hupanda mapaja yake ainukapo. Kisha mwambieni mama ya kuwa nafasi ya mwanawe darasani ipo, mkae naye, mshauriane jinsi ya kumfikisha.